Kiti cha Mteja

Kabla sijamwona mtu, niliisikia "mm". Ilitoka sebuleni, ndefu na laini, ikafuatiwa na kimya, halafu ikaja tena. Nilikuwa uani, begi bado mkononi, nimetoka stendi na vumbi limenijaa kwenye kope. Nikajua mle ndani kuna mwanamke anamsikiliza mtu kwa moyo wote. Sikujua ni mama yangu mpaka nilipochungulia dirishani.

Mama anafundisha ushauri nasaha katika chuo kimoja pale mjini. Jumamosi huwaita wanafunzi wake nyumbani kwetu Utemini wafanye mazoezi kabla ya mtihani wa vitendo. Hupanga viti vitatu: cha mnasihi, cha mteja, na kile cha pembeni, cha mtazamaji, ambaye haruhusiwi kusema neno mpaka mazungumzo yaishe. Viwili vya kwanza haviweki uso kwa uso. Huvielekeza kidogo upande, ili mteja akitaka kukwepa macho awe na pa kuangalia.

Mimi nilirudi kwa sababu uchumba wangu ulivunjika. Ndugu wote walijua, na mama alijua kabla yao. Aliponiona pale uani aliniuliza kama nimekula. Wiki zikapita, hakuniuliza kingine. Kwangu mama ana Kinyaturu cha amri: leta, funga, acha, anua nguo. Kiswahili chake kizuri, kile cha "mm" na "nipo, endelea", alikiweka akiba kwa watoto wa wenzake.

Nao walikuja kukichukua. Hasa mmoja, binti wa Ulemo kule Iramba, mwenye sauti nzito na kicheko cha karibu. Mwanzoni alisema "shikamoo, Mwalimu". Baadaye ikawa "shikamoo, Mama", na mama akaitikia vilevile, bila kustuka. Mimi nilikuwa chumbani na muswada wa riwaya yangu, nawasikia kupitia ukuta. Niliandika sentensi, mama akacheka huko, nikaifuta.

Binti yule alinipenda, na hilo lilinikera zaidi.

"Dada, una bahati," aliniambia siku moja tukichambua mlenda. "Ukiwa na mama kama huyu nyumbani, utaumwa moyo na nini?"

"Mchukue."

"Haya, nampakia kwenye basi la Iramba kesho!" Akacheka mpaka akashika mbavu. Alidhani natania.

Jumamosi moja wenzake hawakuja, walikuwa wamekwenda msibani Ikungi. Mama akasimama mlangoni kwangu.

"Njoo ukae kiti cha mteja. Mwenzio ana mtihani keshokutwa."

"Niseme nini?"

"Tunga. Si ndiyo kazi yako, kutunga?"

Nikakaa, na nikatunga kweli: mwanamke muuza mafuta ya alizeti, mume mlevi, watoto wasiolala. Nilitunga vizuri. Binti alinisikiliza, hana haraka. Hakusema pole, neno ambalo kwetu hutoka mdomoni kabla habari haijafika katikati. Mama huwakataza. Anasema pole ya mapema humfunga mtu mdomo. Binti akasema tu, "Mm."

Ilikuwa ileile. Urefu ule, ulaini ule. Mama alikuwa amempa hata hiyo. Wivu ukanipanda, na muuza mafuta akanitoka kichwani.

"Nina mama," nikasema. "Anawasikiliza watu. Ndiyo kazi yake."

"Nipo, endelea."

"Mimi hanisikilizi. Nimerudi nyumbani nimevunjika, ananiuliza kama nimeanua nguo."

Binti akageukia pembeni kutafuta msaada. Mama alikuwa anatazama sakafu. Kanuni ya mtazamaji ilikuwa yake mwenyewe, akaishika. Nje upepo ulikuwa unapigapiga bati.

"Ungependa afanye nini?" binti akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Aniulize."

"Akuulize nini?"

"Chochote. Aniulize nilimpenda yule mwanamume kiasi gani. Nyie anawauliza mpaka mlichoota."

Binti aliuacha ukimya ukae, mikono juu ya magoti, kama alivyofundishwa. Machozi yalikuwa yananitoka, na bado nilimwonea wivu kwa jinsi alivyojua kunyamaza.

Hatimaye mama akakohoa. Mazungumzo yakiisha, mtazamaji ndiye husema, na yeye kwa kawaida huanza na makosa.

"Umefanya vizuri," akamwambia binti. "Ila ulipobanwa uliniangalia mimi. Usimwache mteja peke yake hata kidogo." Akavua miwani, akaishika tu. "Leo tuishie hapo. Nenda, mwanangu. Utafaulu."

Lile "mwanangu" lilinichoma, hata katika hali ile.

Binti akachukua mkoba wake. "Asante, dada," akasema bila kuniangalia. Mama, ambaye sijawahi kumwona akimwacha mgeni atoke peke yake, ambaye huwasindikiza wanafunzi mpaka barabara ya lami na kusimama nao huko mpaka uji unaungua jikoni, hakwenda naye. Alitoka pembeni, akakaa kwenye kiti cha mnasihi ambacho binti alikuwa amekiacha. Alinitazama. Midomo yake ilikuwa inatafuta pa kuanzia, kama ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Binti alivaa viatu vyake kizingitini, akatuchungulia mara moja, kisha akavuta mlango nyuma yake.