Ferista na Bakuli la Fedha

Shemeji yangu Ferista alizaliwa Itumba, Ileje, kwa Wandali, akaolewa kwetu Mbozi akiwa bado msichana. Kaka yangu Boazi alipofariki, hakurudi kwao. Alibaki na mwanawe Ipyana, shamba la kahawa, na bakuli la fedha ambalo marehemu mama yetu alimkabidhi yeye kama mkwe mkubwa.

Bakuli lilikuwa la baba yetu, mzee Mbonile, aliyempikia mzungu wa shamba la kahawa miaka mingi. Mzungu alipoondoka, bakuli likaonekana kwetu. Baba alisema alilipata kwa Mhindi mwenye duka. Watu walisema ameliiba kwa mzungu. Hakuna aliyemshtaki. Walisema tu, na baba alipokufa waliendelea kusema.

Sisi tulizoea. Lakini mwaka 1994 Ipyana alitaka kumwoa Nesta, na kwetu posa haipokelewi kabla ukoo haujachunguzwa: uchawi, kifafa, wizi. Mshenga wetu, bibi Ketrina, alirudi kutoka kwa kina Nesta na neno moja.

"Wanauliza habari ya bakuli," alisema. "Hawataki wajukuu wenye mkono mrefu."

Ferista alikuwa anachambua kahawa. Hakuinua uso. "Waambie wasubiri kidogo, mama. Nitatafuta mtu wa kulisoma."

Nilimsindikiza Tunduma. Bakuli alilifunga kwenye kanga, akaliweka ndani ya ndoo, juu akajaza maharage. Njiani watu walituuliza bei ya maharage.

Tulimwendea Ayoub, sonara aliyefua pete za dhahabu iliyotoka Mkwajuni. Kazi aliifundishwa na Mhindi huko Tabora. Nje ya kibanda chake Wazambia walikuwa wanabishania bei ya sukari kwa Kibemba. Ayoub aligeuza bakuli kuelekea mlangoni, penye mwanga. Lilizungukwa na majani na maua yaliyosongamana, na katikati yake tembo wawili.

"Aliyefanya hii hakuacha hata pa kutua nzi," alisema. "Hii ni kazi ya Wahindi wa Kachi. Ya zamani sana. Mzungu wa Ulaya hafui hivi."

Nilimtazama Ferista. Uso wake haukubadilika.

"Kwa hiyo halikuwa la mzungu," alisema.

"Sijasema hivyo, dada. Mzungu naye hununua kwa Mhindi. Ila fundi huweka chapa yake chini, na wazungu walipenda kuchora herufi za majina yao hapohapo. Kama zipo, tumemaliza." Akalipindua. Akapitisha kidole gumba. Chini palikuwa laini kama ukucha.

"Mmelisugua na nini?"

"Majivu na mchanga."

"Fedha? Na mchanga?" Akanigeukia. "Shemeji, mama huyu na watu anawasugua hivihivi?"

"Ukichelewa kukimbia," nilisema. Ferista hakucheka.

"Nilipoolewa walisema wanawake wa Ileje ni wavivu," alisema. "Kwetu mke anapimwa kwa vyombo vyake kwenye kichanja. Mama mkwe alisema bakuli hili ling'ae kuliko vyote. Nimelisugua kila Jumamosi tangu nije."

"Na hapa chini, kulikuwa na kitu?"

"Kulikuwa na mikwaruzo. Sikujua kusoma. Nilidhani ni masizi yaliyogoma kutoka."

Ayoub alinitazama mimi. Nilitikisa kichwa. Tukiwa watoto tuliliona kwa mbali tu, juu ya kabati, na kuligusa ilikuwa fimbo. Alilirudisha kwenye kanga taratibu, akakataa malipo.

Tulisimama kando ya barabara kusubiri gari la Vwawa, la kurudi kwetu. Nikasema nilichokuwa nawaza.

"Shemeji, tumwambie bibi Ketrina ni la Kihindi, tuishie hapo. Si uongo."

"Si uongo," alisema, akaangalia malori.

Bibi Ketrina alikuja kesho yake. Ferista alimpa chai, kisha akamweleza yote: Wahindi wa Kachi, tembo, chapa, mchanga. Akalipindua bakuli mwenyewe mbele yake. Kikongwe alipapasa pale chini, akakaa nalo mapajani.

"Mwanangu, wao watasema anayefuta jina ni mwizi."

"Najua, mama."

"Mbona hukunyamaza? Neno la Kihindi lingewatosha."

"Nesta angekuja kukaa humu. Siku moja angelishika yeye, akalipindua, akaniuliza. Ningemjibu nini, na ameshazaa?"

"Mimi ningejua la kumjibu," alisema bibi Ketrina. "Lakini mimi ni mshenga, kazi yangu ni maneno."

Alirudi jioni ya siku ya pili, akasimama uani bila kuketi. Nilikuwa natengeneza mpini wa jembe, nikaacha.

"Wamekushukuru kwa kusema kweli," alisema. "Wamesema wewe ni mwanamke safi. Lakini binti yao hawamtoi."

"Asante, mama. Umechoka na njia."

Ferista alimfungia mahindi mabichi, akamsindikiza hadi barabarani kama anavyomsindikiza mgeni yeyote, akarudi, akakaa kwenye kahawa yake. Ipyana aliingia na ndoo ya maji.

"Wamesemaje, mama?"

"Wamekataa. Kale, chakula kiko jikoni."

Ipyana hakula. Alitua ndoo, akabaki amesimama. Ferista aliendelea kutoa punje mbovu na kuzitupa pembeni, moja moja, mpaka giza likaingia, haoni tena ipi ni mbovu, na bado mikono yake ikawa inaendelea.