Nilivyoshona Tumbo la Ndege

Mjukuu wangu anaendesha ndege. Nalitanguliza hili kwa sababu nalitanguliza kila mahali, sokoni, kanisani baada ya misa, hata kwenye foleni ya dawa za presha, na watu wa Mshangano wamenizoea. Ni kindege cha injini moja. Ukikiona kimesimama uwanjani Ruhuwiko utadhani panzi aliyechoka. Lakini kinaruka, na anayekirusha nilimbeba mgongoni mimi, maana mama yake, binti yangu, alituacha mtoto akiwa bado wa kunyonya.

Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Ananiita mke wangu mkubwa, nami namwita mume wangu. Mume wa kweli yuko makaburini. Huyu wa utani ndiye aliyebaki, na alikuwa akilala kwangu kila Alhamisi.

Hiyo Alhamisi niliipata kwa sababu ndege ilikuwa finyu. Yeye amepanga chumba Tunduru, aliko tajiri mwenye ndege. Kila Alhamisi anakuja Songea kuchukua mizigo ya vijiji ambavyo masika barabara yao inageuka uji: vyandarua, makatoni ya dawa, vipuri vya mashine. Si mizigo mizito, ila ni minene, haikuenea yote kwa mara moja. Basi anapeleka nusu, anarudi jioni, analala kwangu, Ijumaa asubuhi anaondoka na nusu iliyobaki. Mimi nilikuwa naishi kwa hiyo nusu iliyobaki. Siku nyingine nyumba inanyamaza mpaka nasikia mchwa wakila mlango. Naongea na nguruwe wangu. Wasikivu sana, ila hawajawahi kunijibu la maana.

Mwaka huu, masika hayajaanza, alikuja na fundi wa ndege, jibaba lenye mikono misafi kuliko ya daktari. Shikamoo, marahaba, wakaniambia wanafunga sanduku la mizigo chini ya tumbo la ndege, kazi ya karibu wiki nzima. Wiki nzima mjukuu nyumbani! Nilichinja kuku siku hiyo hiyo, asije akabadili mawazo.

Kesho yake nikaenda Ruhuwiko kuangalia. Sanduku lilikuwa refu kama mtumbwi wenye mfuniko, limebanwa chini ya ndege.

"Hii ndege ina mimba," nikasema. "Nani kaipa?"

"Tajiri," mjukuu akajibu, "na amekataa kuoa."

Fundi alicheka mpaka akaangusha spana. Lakini shida ilikuwepo. Sanduku lilikuwa limeshatumika, na mifuko ya turubai ya ndani, inayogawa mizigo na kuibana, ilikuwa imeoza. Fundi akataka kuagiza mingine mbali huko.

"Ya nini kuagiza?" mjukuu akasema. "Mke wangu anashona maturubai ya malori."

Kweli nashona. Darasa la nne sikulimaliza, lakini hakuna lori la mahindi lililotoka mjini na mshono wangu likafika na mahindi yaliyolowa. Uzi wa nailoni naupitisha kwanza kwenye nta ya nyuki, halafu napiga mshono mara mbili, pembeni mara tatu. Fundi alichukua kipande nilichoshona, akakikanyaga upande mmoja, akavuta upande wa pili kwa nguvu zake zote na unene wake wote. Kikakataa.

"Bibi, hujashona hapa. Umechomelea."

Akanieleza kwa nini anahangaika hivyo. Katoni zikihama huko juu, uzito wa ndege unahama nazo, pua inainuka au inazama bila rubani kutaka. Sikuuliza tena. Nilishona kila mfuko kana kwamba ndani yake atalala yeye mwenyewe.

Ukabaki mmoja, wa mbele. Mchana huo walikuja kula kwangu, ugali na kitimoto, na fundi, mdomo umejaa, ndiye aliyelisema.

"Sasa mateso yameisha. Mzigo wote safari moja. Alhamisi saa ya chakula cha mchana kijana yuko Tunduru amekaa. Hakuna tena habari ya kulala njiani."

Njiani. Mimi na nyumba yangu na kitanda ninachokitandika kila Jumatano, tulikuwa njiani.

Nikamtazama mjukuu. Alikuwa anatazama mchuzi.

"Ulijua?"

"Nilijua, bibi."

Hakuniita mke wangu. Nikatoa vyombo, nikaenda kuwapa nguruwe mabaki, nikakaa huko huko bandani mpaka nikasikia wameondoka.

Ule mfuko wa mwisho nikausukuma chini ya kitanda. Sikujidanganya kuhusu sababu zangu. Bila mfuko fundi hamalizi sanduku, sanduku lisipokamilika mzigo hauenei, na mzigo usipoenea Alhamisi ni yangu. Hesabu hiyo haihitaji darasa la nne.

Kesho yake akaja peke yake.

"Bibi, mfuko umeisha?"

"Bado."

"Kimebaki nini?"

"Kimebaki mimi kutaka."

Akakaa kizingitini, urefu wake wote, akachezea funguo. Akasema, taratibu kama anayeongea na kuku asimkimbie:

"Fundi anasema tukikwama hapa, tajiri ana mtu wake Tunduru atakayemalizia."

"Mtu gani?"

"Anashona mifuko ya korosho."

Nilisimama kabla sijajua nasimama. "Mifuko ya korosho! Korosho ikimwagika inaokotwa. Wewe nani atakuokota?"

"Nimesema tu, mke wangu."

"Funga mdomo. Niletee huo mfuko, uko chini ya kitanda. Na uzi. Na nta iko kabatini."

Alijua, yule mjanja. Amekulia mgongoni mwangu, anajua pa kunishika. Lakini hata kama angekosea pa kunishika, mimi mwenyewe ningefika pale pale. Singelala usingizi nikijua anaruka amebebwa na mshono wa mtu mwingine. Macho yangu hayaoni tena tundu la sindano, kwa hiyo alikuwa ananitungia uzi, ananipa, natumia, narudisha, anatunga tena. Tuliumaliza hivyo bila maneno mengi. Pembeni nilipiga mshono mara nne.

Alhamisi iliyofuata alipakia Songea asubuhi na hakurudi. Jioni simu ikalia.

"Mke wangu! Mzigo haukusogea hata kidogo."

"Ulitegemea usogee? Umekula?"

"Wali na samaki, kwa mwenye nyumba."

"Samaki wabichi, au wale wa kunuka?"

"Bibi, hamia huku. Chumba kinatosha."

"Na nguruwe wangu nao nije nao huko kwa Waislamu? Watatufukuza wote, kuanzia na wewe."

"Uwauze."

"Nikuuze wewe kwanza."

Akacheka. Akasema atakuja Krismasi, Mungu akipenda na tajiri akipenda. Nikamuuliza Krismasi ya mwaka gani, na huyo tajiri amekuwa Mungu tangu lini, akacheka zaidi, na mimi nikacheka, kwa sauti kubwa, peke yangu sebuleni. Halafu mtu akamwita huko aliko, akasema "lala salama, mke wangu", akakata. Mimi nilibaki nimeshika simu sikioni. Nilikuwa sijamaliza kucheka.