Meno Niliyoogopa Kuyavua

Wenzangu, kabla ya hayo yote nilikuwa mtu wa kucheka. Nililima kabeji kule Bura na kuziteremsha sokoni Voi, na wanunuzi walinisikia kabla ya kuniona. Kisha, miaka ile ya sabini, ng'ombe wetu alinipiga pembe nikapoteza meno mawili ya juu, ya mbele.

Fundi wa Voi alinitengenezea ya bandia, yenye waya za kushikilia meno ya pembeni. Akanionya, "Mama, kila jioni uyavue, uyasugue, uyalaze kwenye maji."

Mama mkwe aliposikia alishtuka. "Kitu chenye mate yako ukiache kikombeni? Akikichukua mwenye kijicho akakurogea, tutakuzika!"

Mimi, Mkristo wa kubatizwa, nikaamini. Niliogopa sana. Nikayavaa usiku na mchana, mwaka na nusu.

Ufizi ulianza kuwasha. Ukawa mwekundu, ukatoa damu hata kwa ugali. Siku moja shambani nilisikia harufu, nikazunguka kutafuta mzoga. Ulikuwa mdomo wangu. Nikimwinamia mtoto wangu wa kunyonya, aligeuza uso. Hilo huniamsha mpaka leo.

Shavu likavimba hadi jicho likafumbika. Mume wangu akanikimbiza hospitali. Daktari alivuta yale meno, yakagoma. Nyama ilikuwa imeota juu ya waya. Yalipotoka, usaha ulinimwagikia kifuani, na meno yangu mawili mazima yakafuatana nayo.

"Ungekawia siku mbili," daktari alisema, "usaha ungeingia kwenye damu, na huyu mzee angekuwa anachimba kaburi."

Nilidungwa sindano, nikasukutua maji ya chumvi, nikaishi kwa uji. Mama mkwe alikuja. Akapiga funda la maji, akalipuliza nje ya mlango, kama wazee wetu wanavyotoa kinyongo moyoni. "Hofu ilikuwa yangu, nikakupa wewe," alisema. "Iishe." Tulilia wote wawili.

Namshukuru Mungu, na daktari yule. Nina meno mengine sasa. Kila jioni nayasugua, nayatia kikombeni. Bado nageuka kuangalia dirisha, kama kuna anayechungulia. Lakini nayaacha pale pale.

Nawe mwenye meno ya bandia, sikwambii usiogope. Ogopa, lakini yavue.