Chetezo cha Mama

Nikisikia harufu ya udi nyumbani kwa baba huku ughaibuni, mtaani Balsall Heath, nalikumbuka jumba la kale tulilokodi likizo moja, mashambani Italia. Mama alikataa tulale kabla hajalifukiza. Kaa la moto likadondoka, likatoboa zulia la wenyewe.

“Umetutia aibu!” Baba alimpokonya chetezo cha shaba, akamtwanga nacho begani. Niliusikia mfupa ukialika. Kisha akakivurumisha ukutani, palipochorwa malaika, chokaa ikatumwagikia.

“Baba, stop! Please!” nililia.

Mama, uso mweupe kwa majivu, aliniambia taratibu, “Fungua madirisha, mwanangu, moshi utoke.”

Mama ameshafariki. Siku hizi kila Ijumaa baba hufukiza mwenyewe, kisha hukirudisha chetezo kabatini, ule upande uliobonyea akiugeuzia ukutani.