Saini Mbili za Komba wa Madagaska

Mwalimu wetu wa baiolojia alitaka kila mwanafunzi akusanye saini ishirini za watu wazima, kuomba misitu ya Madagaska isikatwe, maana komba wa huko wanakosa pa kuishi. Mimi nilikuwa nimeshafeli majaribio mawili, kwa hiyo komba hao wasipopona, na mimi siponi. Kufikia Jumapili zilibaki saini mbili, na wazazi ninao wawili.

Baba aliitazama picha ya komba iliyokuwa juu ya karatasi ya saini.

"Huyu namjua. Kwetu Tanga alikuwa anapanda mnazi, anamaliza tembo kwenye kibuyu cha mgema, halafu analia usiku kucha. Mlevi simwombei msitu."

"Hawa ni wengine, baba. Hawanywi."

"Umewauliza?"

Mama, aliyekuwa anakunja nguo, akasema yeye hasaini karatasi ya Kiingereza bila mwanasheria.

Nikabadilisha hoja. "Sawa. Ila msitu ukiisha, watahama. Na kila anayehama anafikia kwa nani?"

Sote watatu tukageukia kochi. Hapo alikuwa amelala binamu wa jirani yetu wa Tanga, aliyekuja hapa kwetu Minneapolis kwa wiki mbili, na bado yupo tangu theluji ya mwaka jana.

Mama akaacha nguo, akasaini, akamkabidhi baba kalamu. Baba alipomaliza akaniuliza, kwa sauti ya chini ili mgeni asiamke, kama mwalimu hana karatasi nyingine ya misitu ya Tanga.