Msingi wa Nyumba Inayoelea

Mpwa wangu hujenga dunia nzima akiwa amekalia mguu mmoja, ncha ya kola mdomoni, vidole viwili tu vikicheza kwenye kioo cha simu. Ni mchezo wa mtandaoni, na watoto wenzake humo ndani wanamwita Bosi. Kabla ya kubomoa ukuta husema, “Samahani,” kisha anaubomoa. Sauti hapandishi. Mimi ni mwashi, nawapigia vibarua kelele tangu sijaota ndevu, na bado nikigeuka tu wanakaa kivulini.

Jana aliniingiza mchezoni, akanipa kijitu chenye kofia nyekundu. Nikakuta ghorofa lake linaelea hewani kama tiara. “Nyumba bila msingi?” nikamaka. “Hii itaua watu!” Akatoa kola mdomoni, akanitazama kwa upole wa mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa. “Basi tuchimbe, mjomba.” Akaliteremsha ghorofa kando, akawaita wenzake, wakachimba mtaro ulionyooka kweli kweli, nami nikasimama humo nikitoa amri kama mwenye mji. Nikaenda kunywa maji, kichwa kimenivimba. Nikiwa jikoni nikamsikia akinong'ona simuni: “Haya, ameondoka. Lipandisheni.” Niliporudi, ghorofa lilikuwa mawinguni, taa zote zinawaka, watoto wanarukaruka madirishani. Chini kabisa, mtaroni, kijitu chenye kofia nyekundu kimeshika koleo, kinalinda msingi.

“Samahani, mjomba,” akasema Bosi, kwa sauti ileile anayoziambia kuta.