Nakala Tano za Abrar

Kadzo wa Ngowa si mtu wa uongo. Hilo tuliweke wazi kabla ya mengine, maana tangu maji yale yamwagike watu wa mtaa wetu wa Ndia Kuu wamemsema kila namna, na ulimi hauna mfupa. Miaka kumi na mmoja aliyofanya kazi studio kwa Bi Mona, uongo ulimtoka mmoja tu, nao aliuanza kwa kunyamaza.

Studio yenyewe imo ndani ya nyumba ya zamani, chumba cha chini, na mwanamume hatii mguu. Bi Mona hupiga picha na video za harusi upande wa wanawake, zile siku za kupamba, ambapo simu zote hukusanywa mlangoni na wanawake huvua mabuibui wakawa wao kwa wao. Ahadi yake kwa kina mama ni moja: picha haitoki. Filamu ikishakuwa tayari hutiwa kwenye flashi moja tu, kile kidude cha kuchomeka kwenye kompyuta, na flashi hiyo hukabidhiwa mama wa bibi harusi mkono kwa mkono. Basi alipotaka mtu wa kuziangalia kompyuta zake alisema, "Nataka mwanamke. Awe Mgiriama, awe Mhindi, awe jini, bora awe mwanamke." Akampata Kadzo, binti wa Kaloleni, aliyekuwa ametoka chuo juzi na viatu vya kuazima.

Bi Mona ana mazoea yake. Kila harusi huiwekea nakala tano. Zamani zilikuwa sidii tano katika masanduku matano, mpaka nyumba ikawa haina pa kupita. Kadzo ndiye aliyemshauri anunue sava, mashine moja ya kuhifadhia zote, na sava ile, niwaambie, ni bahili kuliko bahili yeyote mnayemjua. Ukiipa kitu ambacho tayari inacho, haikiweki tena. Huandika tu kwenye daftari lake la ndani kwamba kitu kile kile kinahesabiwa na huku pia. Mfano wa sufuria moja ya pilau inayoazimwa nyumba tano: kila nyumba yasema ina sufuria, na sufuria ni ile ile moja. Kadzo alilijua hilo siku ya kwanza. Lakini Bi Mona alipoona harusi mia zimeingia, tano tano, na mashine haijai, alimshika mkono mbele ya wateja akasema, "Mtoto huyu ana mkono wa baraka!" Sasa mtu atasema nini hapo? Sifa tamu, nyie. Kadzo akacheka, akanyamaza, na miaka ikapita.

Si kwamba hakujaribu. Alimwomba Bi Mona sava ya pili, ikae nyumba nyengine, hata kwa dadake pale Kizingo, ili hii ikifa ile iwepo. Bi Mona akaruka. "Picha za watoto wa watu zitembee mjini? Hata! Akiba haiozi, Kadzo." Basi kikabaki kikaratasi nyuma ya mlango kilichoandikwa la kufanya mashine ikiharibika, mistari mitatu, na hakuna hata mara moja waliyojaribu kama mistari ile yafanya kazi.

Abrar aliolewa mwaka juzi, na harusi yake aliipiga Bi Mona. Mwaka haukutimia, akafa uzazini na kitoto chake. Simu yake, mume aliondoka nayo kwenda Maskati. Mamake, Bi Shekue, akabaki na picha mbili za kitambulisho na ile flashi ya harusi. Mwezi wa tatu wa msiba akaja studio, ameifunga kwenye leso.

"Sikiza, mwanangu," alimwambia Kadzo. "Kitu hiki siwezi kulala nacho nyumba moja. Nikijua kimo kabatini, sili wala silali. Na kukitupa siwezi. Niwekee. Siku moyo ukinitulia nitakuja nimuone."

"Usiwe na wasiwasi, mama. Tunazo nakala tano."

"Tano?"

"Tano."

Bi Shekue akavuta pumzi. "Basi hatanipotea mara ya pili."

Huo ndio uongo wenyewe. Kadzo aliusema kwa huruma, na kwenye kioo cha kompyuta majina matano ya Abrar yalikuwepo kweli, yamepangana. Flashi akaitia kwenye droo. Ukaja mfungo mosi, mwezi wa baada ya Ramadhani, harusi juu ya harusi, flashi zikaisha, na mteja amesimama mlangoni na dereva anapiga honi. Kadzo akafungua droo. Akajiambia, nakala ya sita ni ya nini? Akaifuta, akatia harusi ya mtu mwengine, akamkabidhi mteja.

Karibu mwaka baadaye, tangi la maji la jirani wa juu lilipasuka Ijumaa moja adhuhuri, studio imefungwa. Maji yalipenya kwenye boriti, yakashuka na chokaa na matope, yakamwagika juu ya sava ikiwa inawaka. Walipofungua mlango alasiri, taa zote zilikuwa zimezima na chumba chanuka waya ulioungua. Bi Mona alipiga yowe mpaka wauza vinyago wakatoka madukani. Kadzo hakupiga yowe. Alikwenda nyuma ya mlango akakisoma kile kikaratasi. Mstari wa tatu ulisema: rudisha kutoka kwenye nakala.

Ikabidi aitwe Morgan, fundi wa barabara ya Digo, mwanamume pekee aliyewahi kuvuka kizingiti kile. Alizikausha diski, akazifunga kwenye mashine mpya, akasema vipande vingi vya picha vimepona, ila daftari la ndani limeharibika, na bila daftari hakuna ajuaye kipande kipi ni cha harusi ipi. Itabidi vipangwe upya, na kila kikipangwa kitazamwe kama kimekaa sawa.

"Kutazama hutazami," Bi Mona akamwambia.

"Mimi sina haja na wake za watu, Bi Mona. Lakini mgonjwa nitamtibu vipi sijamtia machoni?"

"Kadzo ndiye macho yako."

Basi Morgan akawekewa kiti ukumbini, mgongo kwa mlango, na Kadzo akakaa ndani akimsomea kila kinachotokea kwenye kioo. Siku kumi. Yeye asoma, fundi aelekeza, vidole vikafa ganzi. Siku ya tatu Bi Mona alikuwa akipita na birika la chai Morgan alipoguta, "Na hizi nakala tano tano mlizifanya za nini? Kwa mashine hii tano ni moja! Ikivunjika moja zimevunjika zote."

Bi Mona akasimama. "Ati nini? Kadzo, wewe ulijua?"

"Nilijua, Bi Mona."

"Na mimi nikikaa nikiwaambia watu baraka!" Akaliweka birika chini pale pale, akapanda juu, na hakusema naye mpaka Jumatatu.

Walirudisha harusi mia mbili na kitu kati ya mia tatu. Ya Abrar ilikuwamo, na majina yake matano yamerudi vile vile. Kadzo alipoliona jina alilia kwa furaha, masikini, kabla hajaifungua. Bi Shekue naye alikuwa amepata habari za maji. Asubuhi iliyofuata alifika, akajikalia kwenye kigoda mbele ya kioo, hakungoja kukaribishwa.

"Siku yenyewe ni leo," akasema. "Nikingoja moyo utulie nitakufa nangoja. Mambo yote ya mle nayakumbuka. Alikuwa amekaa kwenye jukwaa, kimya kama ada, mimi nikamwendea na kikuba cha maua ya asmini, machozi yanitoka. Akashindwa kujizuia, akacheka, akasema, 'Mama, usinililie kichwani, utaniharibia wanja.' Maneno ninayo. Sauti ndiyo imenitoka. Usiku najaribu kuisikia, haiji. Nataka niisikie hiyo tu."

Kadzo akafungua nakala ya kwanza. Abrar akatokea, hina mpaka viwikoni, macho ameyainamisha. Bi Shekue hakulia. Alishika magoti yake akatazama, nyimbo zikapita, vigelegele vikapita. Dakika ya thelathini na moja akaonekana yeye mwenyewe, na kikuba mkononi, akipasua kati ya wanawake.

"Hapo," akasema. "Hapo namwendea."

Picha ikageuka vipande vya kijani, ikasimama.

"Kuna nini?"

"Imeharibika hapo, mama. Kwenda mbele hakuna."

"Funga hiyo. Fungua ya pili."

Alipaswa kusema hapo hapo. Hakuweza. Akafungua ya pili, akaisogeza hadi dakika ya thelathini. Bi Shekue akainama mbele. Mama na kikuba, hatua mbili, kijani. Ya tatu, kijani. Ya nne, kijani. Na kila mara yule mama alikuwa akiinama tena, kana kwamba hakuona ile iliyopita.

"Ya tano, mwanangu."

Akafungua ya tano. Alijua, Mungu amsamehe, alijua kuliko anavyojua jina lake, na bado aliomba. Kijani.

"Mama, nisamehe," Kadzo akasema. "Hazikuwa tano. Ilikuwa moja, tangu mwanzo. Nilikudanganya."

Bi Shekue akamgeukia. Bi Mona alikuwa amesimama mlangoni, mkono kinywani.

"Na ile flashi yangu niliyokupa? Ile ilikuwa nzima?"

"Ilikuwa nzima."

"I wapi?"

"Niliifuta, mama. Flashi zilikuwa zimeisha. Nikaitilia harusi ya mtu mwengine."

Kadzo alingoja kofi. Angelipokea, na angeshukuru. Bi Shekue akaokota mkoba wake sakafuni, akauweka mapajani, akauangalia.

"Huyo bibi harusi," akauliza, "yu hai?"

"Yu hai, mama. Ana mtoto."

"Alijifungua salama?"

"Salama."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Shekue. Akaurudisha mkoba chini, akausogeza ushungi usimzuie kuona. "Haya, irudishe mwanzo. Mpaka pale ninapokaribia kumfikia."

Kadzo akairudisha mwanzo.